Mshahara Mmoja, Miji Miwili



Miongoni mwa mashaka yanayowapata ndugu zetu wasemao Kiswahili waliohamia jimbo la Ohio, huko Marekani, limo moja ambalo aghalabu hakuna aliyewaonya juu yake kabla hawajapanda ndege. Nalo ni kodi ya mapato inayotozwa na mji. Si ile ya serikali ya shirikisho, wala si ile ya jimbo, ambazo kila mtu huzisikia tangu wiki ya kwanza ya kazi. Ni ya tatu, ndogo kwa kiwango, nayo humwandama zaidi mtu anayelala katika mji mmoja na kufanya kazi katika mji mwingine. Wengi huijua kwa mara ya kwanza pale barua inapofika ikidai fedha za miaka mitatu au minne iliyopita, pamoja na faini na riba. Tumeona inafaa kulizungumzia jambo hilo kwa kirefu, kwa maana linagusa riziki ya watu wenye kipato kidogo, na kwa maana ndani yake mna dai la haki ambalo halijapata wasemaji wa kutosha.

Mshangao wa ndugu zetu una sababu yake. Kule tulikotoka, kodi ya mshahara ina mwenyewe mmoja. Nchini Tanzania mwajiri huikata na kuipeleka Mamlaka ya Mapato, basi. Mtu anayelala Kibaha na kufanya kazi Dar es Salaam haulizwi na mji wowote kati ya hiyo miwili. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imeiachia serikali ya taifa peke yake kodi ya mapato, na kaunti zikapewa kodi za ardhi, majengo na burudani. Kwa hiyo anayeamka Kitengela na kuajiriwa Nairobi hana deni la mshahara kwa kaunti yoyote. Ni kweli kwamba wapo wanaomkumbuka mgambo wa kodi ya maendeleo, iliyofutwa Tanzania mwaka 2003. Lakini mgambo alikuja mchana kweupe akajulikana amekuja. Mji wa Ohio hautumi mgambo. Hunyamaza mwaka wa kwanza, hunyamaza mwaka wa pili, kisha huandika. Hata simulizi la Kaisari na sarafu yake, tunalolijua sote, lina Kaisari mmoja. Huku wako wawili, na kila mmoja ana ofisi yake.

Mji wa kwanza kutoza kodi hiyo Ohio ulikuwa Toledo, mwaka 1946. Leo miji na vijiji zaidi ya 600 vya jimbo hilo hutoza mapato ya kazi. Sheria ya jimbo inauruhusu mji kutoza hadi asilimia 1 bila kuwauliza wapiga kura. Ukitaka kupita hapo sharti kura ipigwe. Miji mikubwa imekwisha kupita zamani: Columbus, Cleveland, Toledo, Akron na Dayton hutoza asilimia 2.5, na Cincinnati asilimia 1.8. Mingine imekabidhi ukusanyaji kwa shirika la pamoja liitwalo RITA, mingine kwa ofisi ya Cleveland iitwayo CCA, na mingine, kama Columbus, hukusanya yenyewe.

Sasa tuingie kwenye kiini. Kila mji una madai mawili yasiyofanana. Kwanza, hutoza kila anayefanya kazi ndani ya mipaka yake, awe mkazi au mgeni wa mchana tu. Pili, hutoza wakazi wake kwa mapato yao ya kazi, popote walipoyapata. Mwajiri analazimishwa na sheria kukata kodi ya dai la kwanza, yaani ya mji wa kazi. Kodi ya mji wa makazi mwajiri anaweza kuikata akipenda, kama hisani kwa mfanyakazi wake. Asipopenda, hakuna wa kumshika. Hapo ndipo deni linapozaliwa. Mfanyakazi hutazama hati yake ya mshahara, huona neno kodi ya mji na tarakimu mbele yake, naye kwa haki kabisa huamini kwamba shughuli imekwisha.

Tuchukue mfano wa mama anayeishi Columbus na kusafisha ofisi Dublin, mji wa jirani upande wa kaskazini. Mshahara wake ni dola 32,000 kwa mwaka. Dublin hutoza asilimia 2, kwa hiyo mwajiri hukata dola 640 na kuzipeleka huko. Columbus, kwa kuwa ni mji wake wa makazi, hudai asilimia 2.5, yaani dola 800. Lakini hukubali kuhesabu kodi aliyokwisha kuilipa Dublin, na hivyo humdai tofauti tu, dola 160. Hizo hazikatwi na mtu. Ni juu yake mwenyewe kujaza fomu na kuzilipa kabla ya katikati ya Aprili. Asipojua, baada ya miaka minne deni ni dola 640, na juu yake sheria inaruhusu faini ya asilimia 15 ya kodi isiyolipwa, pamoja na riba. Kwa mtu anayelipwa kila wiki mbili na kutuma sehemu ya mshahara nyumbani, hiyo ni kodi ya nyumba ya mwezi mmoja, au karibu yake.

Huyo, hata hivyo, ana bahati. Kwanza, mji wake humhesabia kikamilifu kodi iliyolipwa kwingine. Sheria ya jimbo haiulazimishi mji kufanya hivyo. Ipo miji inayohesabu nusu, ipo inayohesabu hadi kiwango fulani tu, na ipo isiyohesabu chochote, ambako mfanyakazi hulipa kodi mbili kamili juu ya jasho lile lile. Watu wawili wanaofanya kazi kwenye mashine moja, zamu moja, kwa mshahara mmoja, wanaweza kutofautiana kwa mamia ya dola kwa sababu mmoja amepanga ng'ambo hii ya barabara na mwenzake ng'ambo ile. Kabla ya kutia sahihi mkataba wa nyumba, swali hilo lingefaa kuulizwa pamoja na lile la kodi ya pango. Lakini nani atamkumbusha mtu aliyefika jana?

Pili, angalau Dublin ilikata kitu. Nje ya miji ya Ohio kuna maeneo yanayoitwa taunishipu, ambayo hayana mamlaka ya kutoza kodi ya mapato, isipokuwa pale yalipofanya makubaliano maalumu na mji wa jirani. Maghala makubwa ya bidhaa hupenda kujengwa huko, na watu wetu wengi hupata kazi maghalani. Anayefanya kazi katika ghala la namna hiyo hakatwi kodi ya mji hata senti moja, na hati yake humpendeza macho. Kumbe mji wake wa makazi unamdai asilimia 2.5 nzima. Kwa mshahara ule ule wa dola 32,000, hilo ni deni la dola 800 kila mwaka. Isitoshe, mtu anayetarajia kudaiwa dola 200 au zaidi hutakiwa kulipa kidogo kidogo ndani ya mwaka wenyewe, bila kungoja Aprili. Madereva wanaopeleka vyakula na vifurushi kwa magari yao wamo katika shimo hilo hilo, kwa kuwa hawana mwajiri wa kuwakatia chochote.

Iko pia kodi ya wilaya ya shule, ambayo wilaya kadhaa hutoza kwa kuangalia makazi peke yake, nayo hulipwa kwa jimbo kwa fomu yake. Hiyo haipunguzwi kwa kodi iliyolipwa mji wa kazi. Hatutaizungumzia zaidi, inatosha kusema kwamba mipaka ya wilaya ya shule si mipaka ya mji, na anwani ya posta haimwambii mtu yumo katika ipi.

Tukiipima kodi hii kwa mizani ya haki, la kwanza la kutazamwa ni nani anayeibeba. Jimbo la Ohio halitozi kodi yake juu ya mapato yasiyozidi dola 26,050 kwa mwaka. Mji hauna huruma hiyo. Mji hutoza kuanzia dola ya kwanza, hauulizi mtu ana watoto wangapi, wala haujali kama serikali ya shirikisho imemwona ni maskini kiasi cha kumrudishia fedha. Wakati huo huo mji hautozi gawio la hisa, wala riba ya benki, wala faida ya mtu binafsi aliyeuza hisa zake. Ni haki kutaja kwamba hautozi pia pensheni na mafao ya uzeeni, na hilo ni jema. Lakini kwa jumla hii ni kodi ya mikono: anayeishi kwa kazi hulipa, anayeishi kwa mali hupita.

La pili ni sauti. Hatusemi kwamba mji wa kazi hauna haki ya kutoza. Mfanyakazi hupita katika barabara zake, hulindwa na polisi wake, na moto ukiwaka kiwandani zimamoto wake ndio wanaokuja. Wageni wa mchana wasipolipa kitu, mzigo wote utawaangukia waliobaki mjini, ambao mara nyingi ndio maskini zaidi. Mahakama ya Juu ya Ohio ilikubali mwaka 1950 kwamba Toledo inaweza kuwatoza wasio wakazi, na hatuoni ubaya katika hukumu hiyo. Ubaya uko kwingine. Wapiga kura wa Columbus walipokubali mwaka 2009 kupandisha kiwango kutoka asilimia 2 hadi 2.5, maelfu walioingia mjini kila asubuhi kutoka nje walianza kulipa zaidi bila kuulizwa. Na mkimbizi kutoka Kongo ambaye hajapata uraia yuko chini zaidi: mwaka 2022 wapiga kura wa Ohio walibadili katiba ya jimbo kuzuia wasio raia kupiga kura hata katika chaguzi za mitaa. Kwa hiyo, kwa miaka mitano au zaidi, yeye hulipa miji miwili na hasikilizwi na hata mmoja.

Majimbo jirani yameonyesha kwamba mambo yanaweza kupangwa vingine. Katika Michigan, miji 24 inayotoza kodi hii huwatoza wasio wakazi nusu ya kiwango cha wakazi. Detroit, kwa mfano, hutoza mkazi asilimia 2.4 na mgeni asilimia 1.2. Katika Pennsylvania, ukiacha Philadelphia ambayo ina sheria yake, sheria ya mwaka 2008 iliyoanza kutumika kikamilifu mwaka 2012 iliwapunguza wakusanyaji kutoka 560 hivi hadi wilaya 69, na ikamwamuru mwajiri akate kiwango kilicho kikubwa kati ya kile cha makazi na kile cha mgeni mahali pa kazi. Mfanyakazi bado hujaza fomu mwisho wa mwaka, lakini deni la kumshtua halijengeki kimyakimya, kwa sababu fedha zimekwisha kukatwa. Jambo hilo moja, la kumtaka mwajiri akate kwa hesabu ya makazi, lingewaokoa wengi katika Ohio.

Na isisemwe kwamba Ohio haiwezi. Janga la UVIKO-19 lilipoingia mwaka 2020 na watu wa ofisini wakafanyia kazi nyumbani, miji mikubwa ilitishika kupoteza kodi yao. Bunge la jimbo halikukawia. Mwezi Machi mwaka huo huo lilipitisha kanuni kwamba anayefanyia kazi nyumbani ahesabiwe kama yuko mahali pake pa kawaida pa kazi, na kodi iendelee kwenda kule kule. Kanuni hiyo ilidumu hadi mwisho wa mwaka 2021, na Februari 2024 Mahakama ya Juu ya Ohio iliithibitisha dhidi ya mfanyakazi aliyelalamika kwamba Cincinnati imemtoza kwa siku ambazo hakukanyaga huko. Hatuna nia ya kubishana na majaji. Tunachokiona ni kwamba hazina za miji zilipotikisika, sheria ilipatikana kwa muda mfupi tu.

Lipo lingine lenye kuuma zaidi. Tangu mwaka wa kodi 2018, kampuni inayofanya biashara katika miji mingi ya Ohio inaweza, ikichagua, kujaza fomu moja tu kwa idara ya kodi ya jimbo, nayo jimbo likaigawia kila mji kodi ya faida inayoustahili. Miji ilikwenda mahakamani kupinga. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilisema jimbo lina mamlaka ya kufanya hivyo. Kampuni yenye wanasheria na wahasibu wa kuajiriwa ilionewa huruma kwa wingi wa fomu. Msafishaji aliyehama nyumba mara mbili na kubadili kazi mara moja ndani ya mwaka, ambaye huenda akadaiwa fomu na miji mitatu, hakuonewa. Twauliza: mlango uliofunguliwa kwa kampuni unashindikana vipi kufunguliwa kwa mtu wa mshahara? Wale miongoni mwetu waliokwisha kuwa raia wana mbunge wao wa jimbo, na wanaweza kumuuliza swali hilo kwa maandishi. Linaeleweka upesi, nalo halina chama.

Hadi hapo sheria itakapobadilika, yatupasa kujilinda kwa sheria iliyopo. Mwezi Januari mwajiri hutoa karatasi ya mshahara wa mwaka iitwayo W-2. Watu wengi husoma sehemu ya juu tu. Shuka hadi chini kabisa, visanduku vya 18, 19 na 20: hapo pameandikwa mshahara uliotozwa na mji, kodi iliyokatwa, na jina la mji uliopelekewa. Jina hilo likiwa si la mji unaolala, au kisanduku kikiwa kitupu, ujue una kazi ya kufanya. Anayekusaidia kujaza fomu ya shirikisho si lazima agusie ile ya mji. Muulize kwa kinywa chako. Ofisi kadhaa za kodi za miji humsaidia mkazi kujaza fomu bila malipo, mradi afike na karatasi zake.

Jaza hata kama hudaiwi kitu. Baadhi ya miji huwataka wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18 kujaza, wawe wanadaiwa au hawadaiwi. Tena kuna faida ambayo wachache wanaijua: kwa kawaida mji una miaka mitatu ya kudai kodi ya mwaka uliokwisha kujaziwa fomu, lakini kwa mwaka ambao fomu haikujazwa hakuna ukomo. Mtu asiyejaza anaweza kuulizwa habari za mwaka 2015 akiwa amekwisha kusahau hata jina la mwajiri. Vivyo hivyo, aliyekatwa kupita kiasi ana miaka mitatu tu ya kudai arudishiwe. Ukihama katikati ya mwaka, tunza mkataba wa pango, maana tarehe ya kuhama ndiyo inayogawa mapato kati ya mji na mji. Ukiwa umeajiriwa kupitia wakala na kupelekwa huku na huku, andika siku ulizofanya kazi kila mji. Sheria humsamehe mwajiri kuukatia mji ambao mfanyakazi wake amefanya kazi siku zisizozidi 20 kwa mwaka, na hesabu hiyo hukosewa. Na umwendee mhasibu wa kazini umwombe akukatie kodi ya mji wa makazi. Anaweza kukataa, lakini wengi hukubali wakiombwa.

Kwa yule ambaye barua imekwisha kumfikia, tunasema asiitupe, wala asikimbilie kulipa kabla ya kuisoma pamoja na mtu anayeelewa Kiingereza cha ofisi. Kukaa kimya huweza kuleta hati ya wito. Mara nyingi mji usioona fomu hukadiria tu: huchukua mshahara wote na kuuzidisha kwa kiwango chake, bila kuhesabu kilicholipwa mji wa kazi, kwa kuwa hauna W-2 mbele yake. Yule mama wa Dublin anaweza kuandikiwa dola 800 kwa mwaka mmoja. Akizipeleka W-2 zake na kujaza fomu, deni hilo hushuka hadi dola 160, na kilichobaki anaweza kuomba kukilipa kwa mafungu ya kila mwezi.